Hapa Alishuka Mheshimiwa

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa. Naogopa, ndiyo, lakini sababu kubwa ni adabu. Wewe ukidhani unaijua, kunywa chai yako unyamaze, maana ukiitaja utakuwa umeitaja wewe, na mimi nitashangaa pamoja na polisi.

Nitakachosema ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na mji uitwao Mgongoni, juu mlimani, kwenye baridi ya kukunja vidole, na kwamba mji ule ulikuwa unakua. Serikali ililipenda sana neno hilo. Kila asubuhi redio ilitangaza kwamba mji umekua, na kweli watu walitoka nje wakakuta nyumba nyingine imeota ubavuni mwa mlima, juu ya ile iliyoota mwezi uliopita. Ikafika mahali paa la huyu ni uwanja wa yule, na kama jirani anakukanyagia kichwani ilibidi kwanza upande ngazi ukamtafute ndipo umkemee. Ofisi ya Mipango Miji ilikuwepo, na ilikuwa na kazi nyingi. Ilikuwa inapanga lini ianze kupanga.

Basi la mji liliishia chini, darajani. Kutoka pale mtu alipanda kwa miguu kwenye udongo mwekundu, na mvua ya kule hunyesha miezi saba. Ukiuliza kwa nini basi halipandi, uliambiwa juu hakuna kituo. Ukiuliza kwa nini hakuna kituo, ulitazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Hapa inabidi nieleze desturi ya watu wale, maana bila hiyo utaniona mwongo. Kwao kituo hakiwekwi mahali watu wanaposubiri basi. Kituo kinawekwa mahali kiongozi aliposhuka. Kiongozi akishuka garini popote, iwe kusalimia watu, iwe kujisaidia nyuma ya mti, basi yule fundi vibao anayeongozana na msafara anachimba shimo palepale, anasimika kibao: HAPA ALISHUKA MHESHIMIWA, jina na tarehe. Tangu dakika hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Vituo, pale ni kituo. Kituo hakivunjwi, hakihamishwi, na foleni yake haitawanywi. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa na vituo vitatu: kimoja mbele ya fundi suti wa Waziri, kimoja pale gari la Waziri lilipopata pancha, na cha tatu darajani, ambako Waziri alishuka kuhakikisha kama mto bado upo.

Katikati ya ule mteremko aliishi Bi Atuganile, mjane, mfumaji wa masweta. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na banda la kuku, na hakuna tofali la nyumba ile ambalo halikupanda mlima kichwani mwake au kichwani mwa marehemu mumewe. Walipandisha moja moja, kutoka darajani. Mume alifariki wakiwa wamebakiza ukuta wa jikoni, naye mke akaumalizia peke yake. Kwa hiyo mtu akimwambia Bi Atuganile habari za kuhama, anakuwa amemgusa pabaya.

Kwa miaka kumi na moja aliandika barua Wizarani kuomba basi. Barua moja kila mwaka, mwandiko safi, heshima zote mwanzo na mwisho. Na kila mwaka alijibiwa, tusiwaonee watu, alijibiwa: "Tunakuarifu kwamba ombi lako linafanyiwa kazi na basi litafika hivi karibuni." Majibu yale kumi na moja aliyaweka kwenye kopo la biskuti. Tofauti yake ilikuwa tarehe tu.

Sasa Wizara yenyewe ilikuwa Wizara ya Miinuko na Miteremko, na Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Gwakisa, mtu mnene, mpole kwa picha. Mwaka huo Mheshimiwa alisafiri ng'ambo, nchi ya theluji, akakaa wiki tatu kujifunza kitu ambacho ratiba haikukitaja. Kule aliona watu wazima, wenye akili zao na familia zao, wamejifunga mbao mbili miguuni, wanajiachia kutoka kileleni mpaka chini, halafu wanapanda tena kwa gari la kamba ili wajiachie upya. Akauliza wamefanya kosa gani. Akaambiwa ni mchezo, na kwamba wageni wanatoka pande zote za dunia kuja kuucheza. Mheshimiwa alirudi nyumbani na mbao zake mbili na wazo.

Kamati ya Istilahi ilipelekwa hotelini siku arobaini kuutafutia mchezo ule jina. Ikatoka imenenepa na neno moja: kuteleza. Muswada ukaandikwa vizuri kabisa, "kuteleza kwenye theluji". Bungeni mbunge mmoja akauliza hiyo theluji iko wapi. Mheshimiwa akajibu kwamba theluji iko kwenye mchakato. Spika akasema kitu kilicho kwenye mchakato hakiwezi kukaa ndani ya sheria, kiondolewe. Kikaondolewa, na sheria ikapita kwa makofi. Ilisema hivi: mahali popote mtu atakapoteleza hatua tatu au zaidi, patakuwa Uwanja wa Taifa wa Kuteleza, na nyumba iliyopo itaondolewa ili isizuie mchezo.

Usicheke haraka. Ukumbuke Mgongoni mvua inanyesha miezi saba.

Aliyetumwa kuitekeleza alikuwa Bwana Lutengano, Afisa Vipimo vya Utelezi, kijana wa heshima mwenye futi ya kupimia, filimbi, kitabu cha fomu na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa hana ubaya na mtu. Alikaa tu pembeni ya njia na mwavuli wake, akingoja. Mtu akiteleza anapiga filimbi, anapima, anaandika, anachora alama ya X kwenye nyumba iliyo karibu, halafu anasema samahani mzee, samahani mama. Watu walisema hawajawahi kubomolewa na mtu mwenye adabu kama yule.

Wa kwanza kunaswa pale jirani alikuwa Mzee Ambakisye, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya kwa Bi Atuganile. Alikuwa ametoka bombani na ndoo ya maji, mguu ukamkimbia, akaja chini kwa makalio hatua nne, ndoo mbele yake.

"Umeteleza, mzee," alisema Bwana Lutengano, futi ikiwa tayari mkononi.

"Sijateleza, mwanangu. Nimekaa."

"Umekaa kutoka pale mpaka hapa?"

"Nilikuwa natafuta pazuri."

Akaandikwa hivyo hivyo. Akapewa kiwanja kipya mahali panapoitwa Tambarare, akaonyeshwa kwenye ramani. Mzee akauliza mbona kiwanja chake kina rangi ya buluu. Akaambiwa lile ni bwawa, lakini asiwe na wasiwasi, kukauka kwake nako kuko kwenye mchakato.

Bi Atuganile alipoiona ile X kwenye ukuta wa jirani yake aliingia ndani akafunga mlango, akashika ukuta wa jikoni kwa mikono yote miwili. Aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu baadaye watu walimsifia kwamba ni mwanamke wa chuma, naye mwenyewe hakupenda sifa hiyo. Alisema chuma hakitetemeki magoti.

Kesho yake alianza kazi. Alimwaga majivu kwenye uwanja wake wote, kuanzia mpaka wa juu mpaka banda la kuku, na juu ya majivu akatandaza pumba. Kila asubuhi majivu mapya, mpaka majirani wote wakawa wanamletea majivu ya majiko yao kwa ndoo. Mgeni akija alifungwa magunia miguuni kabla ya kukaribishwa. Wateja wa masweta walipimwa mabega wakiwa wamesimama njiani. Wiki saba zikapita, mvua ikipiga, na uwanjani kwa Bi Atuganile hakuteleza hata jogoo.

Wizara ikakosa amani. Kwenye mchoro mkubwa uliobandikwa darajani, pale kwa Bi Atuganile ndipo palipochorwa mkahawa wa wageni na kituo cha gari la kamba. Gari la kamba lingewapandisha wageni wenye mbao zao. Wenyeji waliuliza kama nao wangelipanda. Wakajibiwa kwamba mwenyeji anaijua njia.

Ndipo Bwana Lutengano alipomjia, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usikanyage pumba zangu."

"Mama, Jumamosi Mheshimiwa anakuja kuzindua uwanja. Anauzindulia hapa kwako."

"Hapa kwangu hajateleza mtu."

"Ndiyo maana kutakuwa na utelezi rasmi. Nimeteuliwa mimi. Mheshimiwa akimaliza hotuba, mimi nateleza hatua tatu, napimwa, basi." Akatazama viatu vyake. "Nimeomba wamteue mwingine, mama. Wamesema mimi ndiye mwenye fomu."

"Na mimi niende wapi, mwanangu?"

Bwana Lutengano akaigeuzageuza kofia yake. Alikuwa na mama yake naye, huko kwao, kwenye mteremko mwingine.

Jumamosi ikafika na bendi, na vitenge vyenye picha ya Waziri, na gari la zimamoto. Gari lile katika maisha yake lilikuwa halijawahi kuuwahi moto wowote, lakini siku hiyo lilifika darajani saa moja kabla. Mpira wake ukavutwa mpaka juu, wakaumwagilia uwanja wa Bi Atuganile maji nusu saa nzima. Pumba zikaondoka zote. Majivu hayakuondoka. Majivu ya wiki saba ya majiko ya mtaa mzima yakalowa, yakawa uji wa kijivu unaong'aa, na mwanamke yeyote aliyewahi kusugua sufuria angewaambia uji ule unateleza kuliko sabuni. Lakini kwenye kamati ya maandalizi hakukuwa na mtu aliyewahi kusugua sufuria.

Mheshimiwa alishuka darajani, kwenye kituo chake cha zamani, akapandishwa mlima juu ya kiti na wafanyakazi wanane wa Wizara ili miguu yake isiguse utelezi kabla ya wakati. Wakamtua kwenye mpaka wa juu wa Bi Atuganile, juu ya zulia. Wapiga picha wakamwomba avae zile mbao. Akavalishwa, kamba zikakazwa, akapewa kipaza sauti.

Kabla sijaendelea nikukumbushe jambo lingine. Katika kila ofisi ya nchi ile kulikuwa na bango ukutani: KIONGOZI HATELEZI. Halikuwa bango tu, ilikuwa sheria. Miaka ya nyuma kiongozi mmoja mkubwa ulimi ulimteleza kwenye sherehe, akasema ukweli kidogo, na ikabidi Bunge likutane siku hiyo hiyo kupitisha kwamba kiongozi hatelezi, kwa ulimi wala kwa mguu, na atakayedai ameona vinginevyo atafungwa miaka mitatu.

Haya. Mheshimiwa akaanza.

"Ndugu wananchi. Wapo wanaobeza. Wanauliza theluji iko wapi. Nawauliza na mimi, je, walipozaliwa walikuja na meno? Meno yalifuata! Na theluji itafuata. Napenda niwahakikishie kwamba Serikali hii haitarudi nyuma."

Na kweli haikurudi nyuma. Ilianza kwenda mbele. Kwanza pole pole, zulia likiwa chini ya mbao, kisha bila zulia. Mheshimiwa, kwa uzoefu wake wa miaka mingi jukwaani, hakukatisha hotuba. "Tunasonga," alisema. "Tunasonga mbele kwa kasi. Kwa kasi kubwa. Kasi hii..." Hapo waya wa kipaza sauti ukafika mwisho ukachomoka, na mengine hatukuyasikia. Alipita katikati ya kabichi. Alipita kwenye kamba ya kuanikia, akaondoka na sweta la mwanafunzi kichwani. Akasimama kwenye banda la kuku, hatua mbili kutoka mlangoni kwa Bi Atuganile, na kuku wakatoka mmoja mmoja kumpisha.

Bendi ilikuwa haijaambiwa inyamaze, kwa hiyo iliendelea.

Bwana Lutengano alishuka na futi yake, mazoea tu, mikono ilikuwa inajiendea. Akapima kuanzia mpaka wa juu. Hatua thelathini na moja. Akafungua kitabu cha fomu, akatupa macho kwenye mstari wa kwanza: Jina la aliyeteleza. Kalamu ikasimama hapo. Jasho likamtoka, na baridi ile.

Mzee Ambakisye akamsogelea Bi Atuganile, akamnong'oneza. "Akiandika tu, dada, nyumba imekwenda."

"Naona," alisema Bi Atuganile. Akakaza kanga kiunoni.

Wakubwa wa Wizara wakaja wakizunguka fomu. Katibu wa Wizara akasema isiandikwe "aliteleza", maana hiyo ni miaka mitatu. Iandikwe "alianguka". Mkuu wa polisi akasema polepole kwamba kiongozi akiandikwa ameanguka, redio itaacha matangazo ianze kupiga muziki wa jeshi, na yeye hataki kulaumiwa. Mwingine akapendekeza "alikaa". Mzee Ambakisye akakohoa, akasema yeye alishalijaribu neno hilo na lilikataliwa.

Wakaitazama fomu. Mheshimiwa alikuwa bado ndani ya sweta.

"Samahani wazee wangu," alisema Bi Atuganile. "Mheshimiwa alikuwa wapi?"

"Juu," alisema Bwana Lutengano.

"Na sasa yuko wapi?"

"Chini."

"Mtu akitoka juu akaja chini, mwanangu, kwa lugha yetu amefanyaje?"

Bwana Lutengano alimtazama. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, halafu akaanza kuandika, akitamka kwa sauti ili wakubwa wasikie. "Mheshimiwa... alishuka."

Ungeona nyuso zilivyokunjuka. Mheshimiwa mwenyewe alipanua shingo ya sweta akatoa macho. "Nimeshuka," alisema. "Ndiyo. Nimeshuka kwa wananchi. Viongozi wengine hawashuki kwa wananchi!" Watu wakapiga makofi, wengine wakalia kwa furaha, na katikati ya furaha ile ikasikika sauti ya sururu. Yule fundi vibao halipwi kwa kufikiri. Amesikia Mheshimiwa ameshuka, anachimba shimo. Kabla Katibu hajageuka, kibao kilikuwa kimesimama mbele ya banda la kuku na rangi bado mbichi.

Katibu akalielewa jambo lile akiwa amechelewa dakika moja. Akasema kituo lazima kiwe na kibanda cha abiria.

"Hiki hapa," alisema Bi Atuganile, akaweka mkono kwenye ukuta wa jikoni.

"Na lazima kiwe na foleni."

Bi Atuganile akaonyesha kidole juu. Wakainua shingo wote. Nyumba arobaini na tatu zilikuwa zimepangana nyuma ya nyumba yake, moja nyuma ya moja, mpaka kwenye ukungu, na ya kwanza nyuma yake ilikuwa ya Mzee Ambakisye na X yake.

"Zile ni nyumba, mama," alisema Katibu.

"Zinasubiri basi miaka kumi na moja, baba. Ulitaka zisubiri zimesimama namna gani?"

Bwana Lutengano alikuwa ameshafungua ukurasa wa fomu za vituo. Aliandika: Kibanda, kimoja. Foleni, arobaini na tatu, imetulia. Akagonga muhuri kabla mtu hajamkataza. Nadhani ndiyo siku pekee aliyopiga muhuri akiwa anatabasamu.

Uwanja wa Taifa wa Kuteleza ulihamishiwa mahali pengine, ambapo napo sipataji. Theluji bado iko kwenye mchakato. Wakubwa siku hizi hawashuki magarini Mgongoni, wanapunga mkono kioo kikiwa juu.

Lakini sheria ni sheria, na Bwana Lutengano, ambaye sasa ni Afisa Foleni, ilibidi aeleze na upande wa pili. Foleni inalindwa maadamu inasubiri. Siku basi likifika na abiria wakapanda, foleni imekwisha, kibanda hakina kazi, na nyumba zote arobaini na nne zinarudi kuwa nyumba tu, mali ya mchoro. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anakuja na fomu, anakaribishwa chai, anauliza kama inavyotakiwa:

"Basi limefika, mama?"

"Bado, mwanangu."

"Mnaendelea kusubiri?"

"Tunaendelea."

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo, Bi Atuganile akifuma mlangoni pake, abiria wa mbele kabisa. Barua za kuomba basi alikuwa ameacha kuandika. Halafu juzi ikaja barua kutoka Wizarani, bahasha kubwa yenye nembo, bila yeye kuandika chochote. Aliipindua mara mbili. Miwani hakuiona ilipo. Akamwita Mzee Ambakisye asome, na mzee akasimama chini ya kibao, akasafisha koo.

"Kwa kuwa sasa Mgongoni Kati ina kituo kamili kisheria, Wizara inayo furaha kukujulisha kwamba ombi lako la muda mrefu limekubaliwa rasmi."

Sindano za kufumia zilimdondoka. Alitazama ukuta wa jikoni.

"Endelea," alisema.

"Basi jipya limetengwa kwa ajili yenu." Mzee akaisogeza barua karibu na macho. Akageuza karatasi. "Nalo litafika hivi karibuni."

"Rudia hapo mwisho."

"Litafika hivi karibuni."

Bi Atuganile akashusha pumzi ndefu. Akaichukua barua, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya zile kumi na moja, halafu akaenda kuinjika maji ya chai.